Platinamu Yote Ipo

Bwera, Jumapili tarehe 9 Novemba.
Asubuhi ya leo: ukungu mpaka kizingitini, mvua nyepesi iliyoanza kabla ya kengele ya misa ikakatika watu walipotoka kanisani. Milima haikuonekana kabisa.

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuanza na hali ya hewa. Ndivyo ninavyoanza shajara yangu kila siku na mkono umeshazoea. Goti lako linaamkaje siku hizi? Na macho, bado yanawasha kwa moshi wa majiko ya chumvi? Niliota unakwangua sufuria kubwa na mimi nakushikia taa, nikaamka nikiwa nimekunja ngumi kama mtu aliyeshika kitu. Mwambie kaka akusomee barua hii polepole, asiruke mistari kama anavyofanya akiwa na haraka ya kwenda mpirani.

Mimi mwili ni mzima. Nakula vizuri, na nyumba ninayolala haivuji. Kichwa ndicho kimevurugika, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Jambo lililotokea huku wiki hii nimelizungusha kila upande na bado sijaona mahali linapoanzia. Labda nikilipanga kwenye karatasi nitaliona.

Nilipofika hapa nilikueleza kwamba kampuni imenileta kuangalia mashine ya umeme katika kituo cha afya, kando ya barabara iendayo mpakani Mpondwe. Hukuielewa mashine yenyewe, na kusema kweli hata mimi nilikuwa naikariri tu. Haina injini wala moshi, na sauti yake ni ya feni basi. Upande mmoja inaingia gesi ya haidrojeni kutoka kwenye mitungi inayoletwa na lori kutoka Kasese. Upande wa pili inavuta hewa hii hii tunayopumua. Vikikutana katikati unapatikana umeme, na kinachobaki ni maji safi yanayodondoka kwenye ndoo nje ya ukuta. Watu wa hapa wanaiita mashine ya hewa. Umeme wa serikali ukikatika, na msimu huu unakatika kila mawingu yakikohoa, mashine hii ndiyo inayowasha taa ya chumba cha kujifungulia na kulilinda jokofu la chanjo. Kazi yangu ni kusoma mita, kubadilisha mitungi na kuandika.

Mlinzi wa chumba cha mashine ni Afande Okello. Ni mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, huko Gulu. Aliletwa huku na jeshi, akaishi kambini Kasese miaka mingi, na alipostaafu hakurudi kwao. Kiswahili chake ni cha amri, kifupi kama kuni zilizokatwa. Mimi ananiita Madam Redio, kwa sababu anasema naongea kama wasoma habari. Kila asubuhi nikifika ananipigia saluti na kuniuliza, "Madam Redio, habari ya dunia?" nami namjibu dunia bado ipo, ndipo anafungua mlango.

Mwenye nyumba wangu ni Mama Kavira, Mkongomani kutoka Butembo, mjane. Vita vilimfukuza huko akiwa na watoto na vitenge alivyojifunga. Anauza chumvi katika soko la Mpondwe. Chumvi yenyewe inatoka Katwe, ziwani. Anainunua kwenye malori yanayosimama njiapanda ya Kikorongo na kuileta huku kwa magunia. Si nyeupe kama yenu, Mama. Ni ya kijivu, ina mawe, na ina harufu kidogo ya yai lililokaa. Lakini ni chumvi, nami nilipoiona mara ya kwanza nilijisikia nimefika kwa watu ninaowajua.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyokwenda.

Mvua za Septemba zilipoanza, magunia ya Mama Kavira yakaanza kulia. Wewe unajua chumvi inavyolia: gunia linalowa kwa chini, asubuhi pana kidimbwi sakafuni, na chumvi imekuwa bonge moja. Alikuwa anapita kituoni kumpeleka mtoto wake chanjo, akausikia ule mlango wa mashine ukitoa joto. Feni inapopoza mashine, chumba kizima kinakuwa kikavu na cha uvuguvugu kama jikoni baada ya chakula. Akamwomba Afande amwekee gunia moja pale ndani. Afande akamjibu kwamba amri aliyopewa ni kuzuia wezi, hakuna aliyemwambia azuie chumvi. Gunia likaingia.

Gunia moja likaita mengine. Wafanyabiashara wenzake walipoona chumvi yake haina maji, nao wakaleta. Hata mke wa mwenyekiti wa kamati ya kituo, Mama Thembo, alileta. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, walikuwa wanapimia pale pale chumbani kwa kopo, wakicheka na kutaniana, vumbi la chumvi likipepea mbele ya tundu linalovuta hewa. Muuguzi mkuu wetu, Sista Biira, alikuwa anapita na kusema tu, "Nyinyi mmefanya wodi yangu soko." Mimi nilikuwa nasoma mita katikati yao. Harufu ile ilinifurahisha. Haikunijia hata kidogo kwamba chumvi inaweza kuwa adui wa kitu, mimi niliyesomeshwa kwa chumvi mpaka kidato cha nne.

Mwezi uliopita mashine ikaanza kuchoka. Taa zikawa za njano kama ndizi mbivu, jokofu likawa linaanza na kukata. Nilibadilisha mtungi, nikasafisha kila nilichoruhusiwa kusafisha, nikaripoti ofisi ya kampuni iliyoko Kampala. Jumatatu wakajibu kwenye simu ya Sista Biira: wakitazama namba nilizowatumia, inaonekana platinamu ya upande wa hewa imepotea kwa kiasi kikubwa, na mtaalamu atakuja Alhamisi.

Sista Biira aliusoma ujumbe huo mbele ya kamati siku ya Jumanne. Mimi niliitwa nikae kwenye benchi la nyuma. Mwenyekiti, Bwana Baluku, ni mtu wa kahawa, mtaratibu, hapendi kelele. Aliuliza platinamu ni nini. Kijana mmoja wa kamati akatafuta kwenye simu, akasema ni madini ya thamani kama dhahabu, yanatengenezewa pete. Pale watu wote wakasogeza viti karibu, Mama.

Lazima uelewe mahali hapa palivyo. Huu ni mpaka. Dhahabu ya Kongo inapita hapa ndani ya nyayo za viatu, ndani ya mikate, ndani ya nywele za wanawake, na kila mtoto anajua hadithi ya mtu aliyelala maskini akaamka na gari. Mpakani madini hayapungui. Yanabebwa.

"Madini haina miguu," alisema Bwana Baluku. "Kama imepotea, iko mutu alibeba."

Wakauliza nani ana ufunguo. Walio na ufunguo ni Afande na mimi. Lakini mimi ndiye niliyeripoti, na mwizi haripoti. Nilikuwa na ufunguo mfukoni, unanichoma paja, na hakuna hata mmoja aliyenitazama. Afande ni mtu wa kuja, hana ukoo hapa wa kusimama nyuma yake. Ni kweli na mimi ni wa kuja, na nimetoka mbali kuliko yeye. Hilo nalo silielewi.

Askari wawili walikuja kumchukua. Hakubishana. Alivua koti la ulinzi akalikunja vizuri kama lilivyotoka dukani, akanikabidhi.

"Madam Redio," aliniambia, "mimi nalinda mlango. Ya ndani sijui hata rangi yake."

Nilitaka kumtetea. Lakini hata mimi sikuijua rangi yake. Sikujua kama mtu anaweza kuitoa akaondoka nayo kwenye leso. Nilirudi nikasimama mbele ya mashine nikaitazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyekataa kutoa maziwa. Ilikuwa nzima. Hakuna skrubu iliyolegea. Niliwaza, kama ameiba, ameiba vipi. Na kama hakuiba, imeenda wapi?

Alhamisi akaja mtaalamu. Ni mwanamke, Injinia Nakato, Mganda wa Kampala, mdogo wangu kwa umri nadhani, na viatu vyake vilikuwa vimejaa tope la Kikorongo ambako gari lilikwama. Aliniambia mapema nisimcheke, Kiswahili chake ni cha kuokota barabarani. Aliifungua mashine akitumia funguo ndogo ndogo, akatoa kichujio cha hewa. Kilikuwa na ukoko wa kijivu. Akauliza hiki ni nini. Sikuhitaji kuonja, Mama. Nilimwonyesha magunia yaliyokuwa nyuma ya mlango.

Alikaa chini sakafuni. Hakukasirika. Alionekana kama daktari aliyekuta ugonjwa ambao hana dawa yake mkobani.

Halafu akanieleza, na mimi nitakueleza kama nilivyoelewa, ukiona nimekosea ujue ni mimi, si yeye. Katikati ya mashine kuna karatasi nyeusi nyingi zilizopangwa kama kurasa. Weusi ule ni masizi ya kaboni, na juu ya masizi zimenyunyizwa punje za platinamu, ndogo kiasi kwamba ukiweka maelfu kwa mstari hazifikii unene wa unywele. Hakuna pete wala kipande. Hewa ikiingia, oksijeni yake inatua juu ya punje, inapasuka vipande, inakutana na haidrojeni iliyopita upande wa pili, wanakuwa maji. Bila platinamu wangepishana bila kusalimiana. Yeye alisema punje ni kama viti: hewa lazima ikae kwanza ndipo izungumze.

"Sasa chumvi imekuja kukaa kwa kiti," alisema. "Na haitoki. Ile harufu ya Katwe pia, ile ya yai, inakaa. Halafu kuna baya zaidi. Chumvi inayeyusha punje ndogo ndogo, zinaenda kushikana na kubwa. Kesho iko punje kubwa chache, viti vimepungua."

Nilimwuliza kama basi platinamu yenyewe imetoka.

"Hapana. Iko yote. Ukiikwangua ukapima kwa mizani, ni uzito ileile ya kwanza. Hakuna mtu ameiba kitu hapa."

Nilifikiria gunia lililolia. Uzito ni uleule, lakini asubuhi umeshika bonge ambalo halitaki kuingia kwenye mchuzi. Hapo nilielewa, halafu nikachanganyikiwa zaidi. Kitu kipo chote, na hakipo. Ofisi ya Kampala ilisema imepotea na haikudanganya. Kamati ilitafuta mwizi wa kitu ambacho hakikuondoka pale kilipokuwa.

Nilimwomba aende moja kwa moja akaseme hivyo polisi. Akashusha sauti. Akanieleza kwamba kituo kilipopewa mashine kilikubali sharti kwamba chumba chake kisiwekwe kitu kingine chochote. Akiandika chumvi kwenye taarifa yake, kampuni itaiondoa mashine. Asipoandika chumvi, akiandika tu kwamba sababu haijajulikana, mashine itatengenezwa na kubaki, lakini kamati itabaki na mwizi wake. Alisema atalala Kasese na taarifa ataituma Ijumaa jioni. "Wewe ndiye unaishi na hawa watu, nyabo," aliniambia, ndivyo kwao wanavyomwita mwanamke kwa heshima. "Mimi nitaandika ukweli ambao mtakuwa mmeuamua."

Mama, ukweli unaamuliwa? Nilimtazama akipanda gari.

Sista Biira alikuwa amesikia yote mlangoni. Alinishika mkono, akanivuta mpaka wodini, akanionyesha vitanda. Palikuwa na mama mmoja anatembea huku na huku ameshika kiuno. Akaniambia Afande ni mtu mzima, atatoka, kesi isiyo na kitu haiendi mbali, wiki mbili au mwezi watamchoka. Lakini mashine ikipanda lori haitarudi, na yeye ameshawahi kushona mwanamke huku akiishikilia tochi kwa meno. Alinisihi ninyamaze. Hakusema kwa ubaya. Nilipomtazama nikaona anasema kweli. Nilipomfikiria Afande amekaa sakafuni amevuliwa kamba za viatu, nikaona na hilo ni kweli. Nilitoka pale na kweli mbili, na njia ya kurudi nyumbani ni moja.

Mama Kavira alikuwa anachambua maharage. Nilijaribu kupita. Akaniambia sura yangu imekaa kama ya mtu aliyetoka mazishini, nikae. Nikamweleza yote, pamoja na sharti na lori. Alinisikiliza bila kuacha maharage.

"Skola," aliuliza kwa Kiswahili chake cha Kongo, "ile chumvi yangu njo imeharibisha machine?"

"Yako na ya wenzako, Mama."

"Na ule mzee, beko namufunga juu ya platine?"

"Ndiyo, wamemfunga kwa ajili ya platinamu."

"Alafu platine iko?"

"Ipo yote."

Akasukuma ungo pembeni. Nikadhani amekasirika na mimi. Kisha akasema maneno ninayoyaandika hapa kama alivyoyasema, kwa sababu kwenye shajara nimeyaandika hivyo hivyo:

"Mu Butembo balinifungia milango, hata ya ndugu. Ule mzee alinifungulia yake, hakuniomba kitu. Kama beko natafuta mwizi, mwizi iko mu gunia. Kesho namupeleka."

Nilimkumbusha kuhusu taa ya akina mama. Alinijibu kwamba yeye amezaa mara sita, mara nne gizani, na hakuna mtoto wake hata mmoja anayedai taa. Lakini mtu akifungwa kwa ajili ya chumvi yake, chumvi hiyo hataweza kuiweka mezani. Sijui kama hilo ni jibu. Mpaka sasa nalifikiria. Wanawake wengine walizaa gizani na hawakurudi nyumbani, na Sista Biira anawajua kwa majina.

Ijumaa ilikuwa siku ya soko. Badala ya kushuka Mpondwe, Mama Kavira alibeba gunia mgongoni, kamba ya mkonge imepita kwenye paji la uso kama wabebavyo wanawake wa huku, akapanda njia ya kituo cha polisi. Nyuma yake wakafuata wauza chumvi wenzake, kila mmoja na gunia lake, na watu sokoni wakaanza kuuliza kuna nini, na jibu lilikuwa moja: tunampeleka mwizi. Mimi nilikwenda mwisho, nimebeba koti la Afande lililokunjwa.

Mkuu wa kituo alikuwa anakunywa chai. Alipoona magunia yanashushwa kwenye baraza lake aliinuka.

"Wamama, hii ni polisi. Soko iko chini."

"Tunajua, afande," alisema Mama Kavira, akijifuta jasho. "Mwizi wenu njo huyu. Mufunge huyu, mutoe ule mzee."

Askari wakacheka. Mkuu hakucheka. Akauliza kama kuna mtu mwenye akili timamu wa kumweleza. Wakanigeukia mimi. Nilichota chumvi laini kutoka gunia moja kwa mkono wa kulia, na bonge kutoka gunia lililolia kwa mkono wa kushoto, nikamwonyesha. Nikamweleza viti, nikamweleza punje zilizoshikana, nikamwambia ukipima hakuna kilichopungua. Alisikiliza mpaka mwisho, uso umekunjamana.

"Kwa hivyo platinamu iko."

"Ipo yote, afande."

"Lakini kazi haifanyi."

"Haifanyi."

Akafikiri. "Kama konstebo mlevi," alisema. "Kwa gwaride yuko, kwa kazi hayuko."

Nikamwambia ndiyo, ndivyo hasa. Ni maelezo mazuri kuliko yangu, na nimeyaandika.

Lakini akasema malalamiko yaliletwa na mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti ndiye wa kuyaondoa. Hakukuwa na haja ya kumwita. Bwana Baluku alikuwa ameshafika, amesikia sokoni, anapumua kwa kupanda kilima. Akaanza kwa utaratibu wake: kwamba chumvi ni chakula, kwamba haijawahi kusikika chumvi ikila madini, kwamba wanawake wamedanganywa na mtu anayetaka kumlinda rafiki yake. Akanitazama mimi. Nilijisikia kuanza kumwamini.

Mama Thembo, mke wake, alikuwa amekaa juu ya gunia lake. Hakuinuka.

"Baba Thembo," alisema, "hii gunia unaijua. Wewe mwenyewe uliifunga kwa bodaboda. Uliniambia, peleka kwa mashine, pale iko joto."

Bwana Baluku alilitazama gunia, akamtazama mke wake, akatazama viatu vyake. Nilimwonea huruma, Mama, kwa sababu hakuwa mtu mbaya na hakuwa na pa kuweka uso. Hatimaye alivua kofia.

"Toa huyo mzee," alimwambia mkuu wa kituo.

Afande Okello alitoka ameshika viatu mkononi. Nilimpa koti. Alilitazama kama limekunjwa sawasawa, akalivaa, akaona magunia yamejaa barazani, akadhani wamemletea zawadi. Kitu cha kwanza aliuliza kama mashine imeamka. Mama Kavira alimshika mkono akamshusha ngazi.

Jioni ile nilimpigia Injinia Nakato. Nilimwambia aandike chumvi. Aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia sina, aandike tu.

Jana Jumamosi lori likaja. Wanaipeleka karakana ya Kasese, upande wa Bulembia, wakajaribu kuziosha zile karatasi kwa maji safi. Injinia anasema chumvi iliyokalia viti inaweza kutoka kwa kuoshwa, lakini punje zilizoshikana hazitarudi kuwa ndogo tena. Ikipona nusu, itapewa kituo kingine, huko bondeni Kilembe ambako mto unafurika na nguzo za umeme zinaanguka. Mimi natakiwa kuifuata wiki ijayo. Afande, ambaye hana kazi tena kwa sababu hakuna mlango wa kulinda, ndiye aliyewaonyesha wapakizi jinsi ya kufunga kamba isiteleze kwenye kona. Bwana Baluku alisukuma kwa bega lake mwenyewe. Sista Biira alisimama mlangoni pa wodi, amekunja mikono.

"Umetenda haki," aliniambia lori lilipoondoka. "Usiku wa leo mtu wangu akipasuka, niiambie haki imulike?"

Nilikwenda dukani nikanunua taa mbili za kuchaji, nikaziweka kwenye dirisha lake. Hakuzikataa, wala hakunishukuru. Yule mama aliyekuwa anashika kiuno amejifungua salama, msichana, na ilikuwa mchana, kwa hiyo hata hilo haliwezi kuniambia kitu.

Leo baada ya misa Afande alikuja kuniamkia. Mama Kavira amempa kazi: atalinda banda lake la chumvi pale Mpondwe, siku za soko na usiku wake. Alinipigia saluti kama kawaida.

"Madam Redio, nimepandishwa cheo," alisema. "Sasa nalinda mwizi."

Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka, na Mama Kavira akamwambia kama anacheka hivyo kazini wateja watakimbia. Halafu alipoondoka niliwaza, huyu mtu amelala sakafuni kwa ajili ya gunia alilolifungulia mlango kwa huruma, na leo anashukuru kulindishwa gunia lile lile. Nikataka kusikitika, lakini yeye hakuwa amesikitika, na huzuni yangu ikakosa mahali pa kukaa.

Mama, nimeandika yote kwa mpangilio na bado sioni jambo hili linapoanzia. Aliyeomba aliomba kwa shida, aliyefungua alifungua kwa wema. Aliyesoma ujumbe aliusoma kama ulivyo. Kamati ililinda mali ya wagonjwa. Injinia alisema kweli, na Sista Biira alisema kweli pia. Kila mmoja alifanya kipande chake sawasawa, na vipande vyote pamoja vikamlaza mzee rumande na kuwaacha wanaojifungua gizani. Ukiniuliza nani amekosea, sijui. Najua tu nani hakuiba, na kwa hilo moja ndiyo nilibeba koti mpaka polisi. Wewe uliyekaa na chumvi maisha yako yote, niambie kama lilitosha.

Msalimie bibi mzaa baba, yule anayeniombea kila asubuhi hata kama jina langu analichanganya na la shangazi. Msalimie mjomba mwenye baiskeli ya mkaa, mwambie huku milima ni mirefu asingeiweza. Wifi yangu, mke wa kaka, mpe pole ya ujauzito, na kaka nimemwambia tayari asiruke mistari. Majirani wote wa majikoni, wale tuliokuwa tukikwangua nao sufuria, waambie Skola bado anaijua chumvi kwa harufu.

Nakubusu mikono yako yenye nyufa.

Mwanao wa tatu,
Skolastika

Jumatatu alfajiri, kabla sijaifunga bahasha. Mvua imenyesha, umeme ulikatika, na kutoka dirishani niliona mwanga wa taa moja ya kuchaji wodini. Nilikaa nikiutazama. Nimekwenda kulala saa nane na nusu za usiku.